Barua chini ya begi

Barua ilikuwa imekunjwa mara nyingi hadi ikawa ndogo kuliko kifutio. Niliikuta chini kabisa ya begi la kijana wangu wa miaka 8, chini ya daftari la hesabu na soksi moja isiyo na mwenzake, siku natafuta kalamu. Ilikuwa barua ya shule, ya kawaida tu: darasa lao litakwenda safari, mzazi atie saini na atoe mchango. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita wiki tatu. Safari yenyewe ilishafanyika. Siku hiyo alikaa na darasa jingine mpaka wenzake waliporudi, na hakumwambia mtu.

Nilimuuliza kwa nini hakunipa. Akanijibu huku anafunga na kufungua zipu ya begi: "Ukipewa barua ya hela unampigia mama simu."

Ilikuwa imetimia miezi saba tangu nihame nyumbani, na minne tangu kesi ya talaka ifunguliwe. Nilikuwa na wakili, nilikuwa na jalada lenye kila karatasi, sikuwahi kuchelewa mahakamani hata siku moja. Nilijihesabu mtu anayefuata utaratibu. Lakini kwenye jalada lote lile hapakuwa na ukurasa hata mmoja unaosema barua ya shule ikija inakwenda kwa nani.

Nayaandika haya kwa ajili ya mzazi aliye mwanzoni mwa safari hii. Sheria zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo mambo ya vifungu muulize wakili wa kwenu au ofisi ya msaada wa kisheria. Mimi nitasema yale niliyochelewa kuyajua.

Kwanza, nilidhani talaka ni kesi moja. Kumbe ndani yake mna mambo matatu, na kila moja lina mwendo wake: ndoa kuvunjwa, mali kugawanywa, na watoto kupangiwa maisha. Utaratibu wa kuvunja ndoa wenyewe haukunisumbua. Nchi kadhaa zinataka wanandoa wapite kwanza kwa wasuluhishi kabla mahakama haijapokea ombi. Baada ya hapo mmoja anawasilisha ombi, mwenzake anapewa wito na muda wa kujibu, shauri linasikilizwa, hukumu inatolewa. Mara nyingi kuna kipindi cha kusubiri kabla talaka haijakamilika. Hilo ni jambo la karatasi na subira.

Sisi nguvu zote tulizimalizia kwenye mali. Nani abaki na nyumba, nani alipe deni la gari. Watoto tuliwaweka mwisho, tukisema hilo halina ugomvi, tutaelewana tu. Hatukuelewana. Kila Ijumaa ilikuwa ni kupigiana simu upya, nani anawachukua, saa ngapi, kwa nini jana ulichelewa. Nilikuja kujua baadaye sana kwamba mahakama inaweza kutoa amri za muda kuhusu watoto na matunzo wakati kesi kuu bado inaendelea. Huna haja ya kusubiri hukumu ili ujue Ijumaa hii mtoto analala wapi. Tuliposhauriwa tukaomba, amri ikatoka, ukurasa mmoja tu: siku gani wako kwangu, siku gani kwa mama yao, nani analipia nini kwa sasa. Simu za Ijumaa zilipungua wiki ileile. Laiti ningeliomba mwezi wa kwanza.

Siku ya kwanza kukutana na wakili nilimwambia neno moja: nawataka watoto wote watatu. Aliniuliza, "Unawataka siku gani?" Nikadhani hajanielewa. Akaendelea kuuliza: mwalimu wa darasa wa binti yako anaitwa nani? Wa pili ana mzio wa dawa gani? Mdogo anavaa kiatu namba ngapi? La mzio nililijua. Jina la mwalimu nililipata kwa kubahatisha. Kiatu cha mdogo sikukijua kabisa, na mtoto mwenyewe nilikuwa nimemfunga kamba za viatu asubuhi ileile. Wakili hakunisimanga. Alisema tu kwamba hakimu atatafuta majibu ya namna hii, kwa sababu shauri la watoto huamuliwa kwa kuangalia maslahi yao, na nani alikosa kwenye ndoa ni suala lingine. Nilitoka pale nimekasirika. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba hasira yenyewe ilikuwa aibu.

Msingi huo wa maslahi ya mtoto umo kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ibara ya 3. Ibara ya 9 inasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuwa na mawasiliano ya mara kwa mara na wazazi wote wawili, isipokuwa ikiwa hilo ni kinyume na maslahi yake. Soma vizuri: haki ni ya mtoto. Mimi kwa miezi yote ile nilikuwa nasema "haki yangu ya kuwaona watoto". Nilipoigeuza sentensi hiyo ikawa "haki yao ya kuniona", mambo mengi niliyokuwa nayapigania yalikosa mashiko. Kwa mfano, niling'ang'ania siku zigawanywe sawasawa, nusu kwa nusu, wakati ratiba yangu ya kazi ingemwacha mdogo mikononi mwa watu wengine nusu ya siku hizo.

Kuna kosa nililofanya ambalo nataka nilieleze bila kulipamba. Mwezi mmoja mama yao aliniambia watoto hawaji kwangu, wana wageni. Wikendi iliyofuata ikawa hivyohivyo. Mwisho wa mwezi sikupeleka hela ya matunzo. Nilijiambia nikiwaona nitalipa. Wakili alipojua, alinisema kwa ukali ambao sijausahau: matunzo si kiingilio. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina mlango wake mahakamani. Ukinyimwa kuwaona watoto, unarudi mahakamani kuomba amri itekelezwe. Asiyepewa matunzo naye anarudi kuomba yakusanywe. Ukilipiza moja kwa jingine, unajiharibia shauri, na anayelala bila kununuliwa daftari ni mtoto. Nililipa siku ileile. Mama yao naye, kwa haki yake niseme, baadaye alikiri kwamba wageni hawakuwepo.

Kabla ya hukumu, mahakama iliagiza afisa ustawi wa jamii aandae ripoti. Nilisafisha nyumba siku mbili. Nikanunua mapazia. Alipofika, mapazia hakuyaangalia. Aliuliza kila mtoto analala wapi, akafungua mlango, akaona. Aliuliza miswaki yao iko wapi. Miswaki ilikuwa kwa mama yao, walikuwa wanakuja nayo kwenye mfuko wa plastiki kila wikendi. Akaandika kitu. Kisha akaomba kuzungumza na kila mtoto peke yake, mimi nikae nje.

Binti yangu alikuwa na miaka 11. Ndugu wa pande zote mbili walikuwa wameshamwambia, wengine kwa nia njema kabisa, kwamba ataitwa mahakamani achague. Alikuwa hapati usingizi. Nilikuwa najua hapati usingizi, nikidhani ni mitihani. Afisa yule hakumuuliza anataka kukaa na nani. Alimwomba amsimulie siku yake tangu anapoamka: nani anamwamsha, anafanya kazi za shule wapi, akiumwa anamwambia nani, jambo gani analipenda kwangu, jambo gani analipenda kwa mama. Ibara ya 12 ya mkataba uleule inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kutoa maoni na kuchagua mzazi ni vitu viwili mbali kabisa. Uamuzi unabaki kwa watu wazima. Binti yangu alipotoka mle chumbani aliniuliza kama ndiyo basi, imekwisha. Nikamwambia imekwisha. Usiku ule alilala kabla sijazima taa.

Ripoti ilipokuja nilitafuta kwanza sehemu inayonihusu, kama kila mzazi anavyofanya. Lakini sentensi iliyonikalisha chini ilikuwa ya kijana wangu. Afisa aliandika kwamba mtoto wa pili anajiona mjumbe kati ya wazazi wake, na kwamba huficha habari zinazohusu fedha. Mtu aliyekaa naye dakika 40 aliliona jambo ambalo mimi niliambiwa kwa mdomo wake mwenyewe, begi likiwa mkononi, na bado sikulichukulia hatua.

Nenda kwa usuluhishi, hata kama kesi imeshaanza. Nasema hivi huku nikiweka mpaka mmoja mapema: kama kwenye ndoa kulikuwa na kipigo au vitisho, usikubali kukalishwa meza moja na mtu anayekutisha kwa sababu tu watu wanasema mzungumze kwa ajili ya watoto. Dada yangu alishinikizwa hivyo. Alikwenda, akakubali kila kitu alichoambiwa, kwa woga. Kilichomsaidia ni kuanza na amri ya mahakama ya kumzuia mume asimkaribie, kisha baba akawa anaonana na watoto mbele ya mtu wa tatu. Kila mlango mtakaofika, iwe kwa wakili, polisi au ustawi wa jamii, neno la kwanza liwe usalama. Ratiba ya wikendi itafuata.

Kwetu hakukuwa na kipigo. Kulikuwa na kiburi. Msuluhishi alituwekea sharti moja gumu: majina ya watoto tuyatumie, neno "mtalaka wangu" na "yule" tuviache nje. Halafu tusizungumzie lolote la kabla ya siku ile. Kikao cha kwanza tulishindwa ndani ya dakika 10. Cha pili tulifika mwisho. Mwanasaikolojia Robert Emery wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, aliwahi kuzigawa kwa bahati nasibu familia zilizokuwa zinagombania watoto, nyingine ziende kwa msuluhishi, nyingine ziendelee na kesi. Miaka 12 baadaye, kati ya wazazi wasioishi na watoto, wale waliopitia usuluhishi walikuwa wanawasiliana na watoto wao zaidi sana kuliko wale wa kesi, na usuluhishi wenyewe ulikuwa wa saa chache tu. Msuluhishi wetu ndiye aliyetusimulia habari hiyo. Mimi ilinigusa hapo pa saa chache. Sisi tulikuwa tumeshatumia miezi kugombania kabati.

Tulichotoka nacho ni mpango wa malezi, kurasa sita, ambao mahakama iliupokea na kuufanya amri. Watu wakisikia mpango wa malezi hufikiria siku za wiki tu. Siku za wiki ni ukurasa mmoja. Kurasa nyingine tano ndizo zilizotuokoa, na karibu zote zinahusu vitu vidogo. Makabidhiano yafanyike shuleni: mzazi mmoja anawapeleka asubuhi, mwenzake anawachukua jioni, hivyo hatukutani mlangoni na watoto hawasimami katikati yetu wakiwa wameshika mabegi. Anayetaka kubadili siku atoe taarifa saa 48 kabla, kwa maandishi, na ajibiwe kwa maandishi. Nani mwingine anaruhusiwa kuwachukua. Gharama za matibabu na shule tunachangia kwa uwiano wa kipato, na hesabu tunafanya mara moja kwa mwezi. Kusafiri nao nje ya nchi kunahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenzako. Hili la mwisho watu hulidharau mpaka siku mtoto ameshavushwa. Upo Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 unaohusu mtoto wa chini ya miaka 16 aliyepelekwa nchi nyingine isivyo halali, ili arudishwe alikokuwa anaishi, lakini unafanya kazi kati ya nchi zilizojiunga nao, na hata hapo ni safari nyingine ya mahakama.

Na barua za shule. Mstari huo niliuomba mimi, na mama yao akaukubali kabla sijamaliza kueleza. Tulikwenda wote wawili kwa mwalimu mkuu, tukaomba kila barua itumwe kwetu sote moja kwa moja, na ya fedha isipitie mkononi mwa mtoto. Mwalimu alisema lilikuwa jambo la kuandika namba mbili badala ya moja. Akatuuliza, kwa upole tu, kwa nini hatukumwambia mapema kwamba tumetengana, kwa sababu mwalimu wa darasa alikuwa ameona kijana amekuwa mkimya, akadhani ni ugonjwa. Mwambie mwalimu. Huhitaji kusimulia ndoa yako. Mwambie mtoto sasa anaishi nyumba mbili na umwombe akuambie akiona mabadiliko.

Huduma nyingine niliyoikataa mwanzoni ni ya mshauri nasaha wa familia. Niliona ni kukiri kwamba tumewaharibu watoto. Tulipokwenda hatimaye, jambo la kwanza alilouliza ni tuliwaambiaje. Tukatazamana. Ukweli ni kwamba hatukuwaambia. Mimi niliondoka na masanduku mawili wakiwa shuleni, mama yao akawaambia baba ana kazi mbali. Binti alijua ni uongo, wa pili aliamini ni kwa sababu ya kitu alichokivunja wiki hiyo, mdogo wa miaka 3 alianza tena kukojoa kitandani, jambo alilokuwa ameliacha. Mshauri alisema hayo yote yanatarajiwa kwa umri wao, na kwamba hatujachelewa kuwaambia upya.

Tuliwaambia Jumapili, sote watano tumekaa chini kwenye mkeka. Alitufundisha tuseme machache: kwamba mama na baba hatutakuwa tena mume na mke, kwamba tumeamua sisi wakubwa, kwamba hakuna kitu mtoto yeyote alifanya au alisema kilichosababisha, kwamba tutabaki baba yao na mama yao. Kisha tueleze kesho itakuwaje, kesho yenyewe, Jumatatu, nani atawaamsha. Sababu za talaka tusizitaje. Kijana aliuliza, "Hata ile saa niliyovunja?" Mama yao alimjibu kabla yangu. Mdogo aliuliza mdoli wake atakaa nyumba gani, tukakubaliana awe nao wawili. Binti hakuuliza kitu. Aliuliza wiki mbili baadaye, akiwa kwangu, taa zimezimwa, na nililazimika kujibu maswali ambayo hakuna mshauri aliyenifundisha.

Kuhusu ndugu na marafiki nitasema kwa kifupi: waombe wasiwasemee watoto wala wasiwahoji. Waliotaka kutusaidia kweli walijitolea kukaa na watoto siku za mahakama.

Sasa ni mwaka wa tatu. Hukumu imeshatoka zamani na jalada liko juu ya kabati, silifungui. Kinachofunguliwa kila siku ni daftari, la kawaida la kurasa 80, linalosafiri na begi la mdogo. Tunaandika humo dawa aliyopewa na saa, kama amelala vibaya, jino lililong'oka. Mwanzoni mwandiko wetu ulikuwa wa kiofisi, tarehe na taarifa. Siku hizi kuna mahali mama yao ameandika "kacheka sana leo" na mimi nikaongeza mstari chini yake. Kwenye simu yangu namba yake nilikuwa nimeihifadhi kwa jina lake la ukoo wa kwao, kwa makusudi. Niliibadilisha kimyakimya mwaka jana, ikawa Mzazi Mwenzangu.

Mpango wa malezi unaweza kubadilishwa hali ikibadilika, na wetu una kifungu cha kuupitia kila mwaka. Wiki iliyopita nilifungua daftari nikakuta mwandiko wa tatu, wa binti, ambaye sasa ana miaka 14. Ameandika kwamba Jumatano ana mazoezi hadi jioni na anachoka kuhama siku hiyo, anaomba ahamie Alhamisi, na anaomba awepo tutakapokaa kuzungumza. Chini yake mama yao ameweka alama ya vema na kuuliza kama Jumamosi saa nne asubuhi inanifaa. Nimejibu inanifaa.